Mboga ya muzee ndani ya frigo

Siku ya mungu, kisha misa, jamaa nyingi zinapita ku home ya wazee na nyungu mukononi: sombe, kuku, samaki. Muzee anakula kidogo, anasema: « Bakisha, nitamaliza kesho. » Nyungu inaingia nzima ndani ya frigo, ingali moto, inapasha joto maziwa ya jirani. Hakuna jina, hakuna tarehe. Siku ya tatu nani anajua njo ya nani?

Kijana wa mugodi akiharisha siku mbili, atarudi ku kazi. Muzee wa miaka 75, maji ya mwili inamuishia mbio, na tumbo lake halina tena nguvu ya zamani ya kuua vijidudu.

Frigo inapaswa kukaa chini ya digri 5. Kati ya 5 na 60, vijidudu vinazaana haraka. Kwa hiyo mugawe mboga ndani ya vyombo vidogo, ipoe mbio, iingie frigo mbele ya masaa 2 kupita.

Na delestaje? Umeme ukienda, andikeni saa na musifungue mulango. Frigo iliyofungwa inashika baridi karibu masaa 4. Kongelateri iliyojaa, karibu 48. Ya nusu, 24. Frigo ikipita pale bila umeme, nyama, samaki, maziwa na mboga iliyopikwa vinatupwa. Kunusa hakusaidie: chakula kibaya kinaweza kunukia vizuri. Kutupa nyama kunauma, mishahara yetu tunaijua. Basi muzee aletewe ya mulo mumoja tu.

Kuko kijidudu kingine, listeria, chenye baridi ya frigo haikizuie kukua. Afrika ya Kusini, 2017 na 2018, kilipitia ndani ya polony, ile soseji nene inayoliwa bila kupikwa. Watu zaidi ya 1000 waligonjwa, zaidi ya 200 walikufa. Wazee ni kati ya wale kinaowashambulia zaidi. Muzee akitaka soseji, ichemke kwanza.

Ku nyumba pia, ile sahani ya baba wa posti ya usiku inayolala juu ya meza, asubuhi asipewe nkambo. Ile ya frigo ipashwe mpaka mvuke utoke katikati, mara moja tu. Ikibaki, isirudi frigo.