Kwa Nini Mchukuzi Huumwa Kesho Yake?

Kijana akitoka kijijini akapata kazi ya kusukuma mkokoteni Kariakoo, siku ya kwanza huchoka tu. Taabu huanza kesho yake. Mapaja yamekaza, mikono hainyanyuki. Wenzake humwambia, "Utazoea." Kweli atazoea. Lakini ni nini kinachobadilika mwilini?

Kazi hiyo ni ya zamani pale. Hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Msuli umefanywa kwa nyuzi nyembamba sana. Ndani yake mna nyuzi ndogo zaidi za protini, ziitwazo miosini na aktini. Zikivutana, msuli hufupika. Protini nyingine, desmini, huzishika zikae mahali pake. Fikiria ukuta wa nyumba ya udongo: miosini na aktini ni fito, desmini ni kamba za kufungia.

Kazi ngeni yaweza kukata kamba hizo. Na inayokata zaidi si kupandisha mzigo, ni kuuteremsha: kutua gunia polepole, au kuzuia mkokoteni mteremkoni. Hapo msuli unakaza, na huku unavutwa urefuke. Maumivu huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha mwili huunga palipokatika. Safari nyingine kazi ile ile haiumizi sana.

Akiendelea kwa miezi, hata miosini yenyewe hubadilika. Ile ya nguvu za ghafla, ichokayo upesi, hupungua. Ile ya kustahimili huongezeka. Mishipa midogo ya damu nayo huzidi. Mazoezi ya wakimbiaji wa mbio ndefu, kama Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, hujenga misuli ya namna hiyo.

Je, mwili hujenga kwa kutumia nini? Maharage, kunde, dagaa, na usingizi. Chai na andazi peke yake havitoshi. Tena mzigo uongezwe kidogo kidogo. Tajiri anayempa mgeni lumbesa siku ya kwanza anamwumiza bure.

Lakini mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, hayo si ya kuzoea. Misuli imevunjika kupita kiasi, na mabaki yake yanapita kwenye figo. Figo zaweza kuacha kufanya kazi. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.