Bunduki ya Kwanza ya Mwana

Jamaa zetu waliohamia Marekani, hasa wale waliotoka Kongo wakapata makao katika majimbo ya bara kama Kentucky na Iowa, hukuta huko jambo ambalo hawakulizoea. Majira ya vuli yakifika, jirani hubisha hodi na kusema, "Mwanao amekwisha kuwa mkubwa, mpe ruhusa afuatane nasi porini kuwinda kulungu." Kwetu sisi bunduki ilikuwa mali ya askari, au ilikuwa gobori la mzee mmoja katika kijiji kizima, na mtoto hakuligusa. Kule ni chombo cha nyumbani kwa watu wengi, na nyama ya kulungu huwekwa akiba kwa siku za baridi. Basi mzazi huuliza: nikikubali, nimpatie mtoto bunduki gani?

Swali ni jema. Lakini kabla ya kulijibu twapenda kusema ya kwamba kukataa nako ni jibu. Mtoto ambaye hatii neno mara moja aambiwapo, huyo hajawa tayari, hata akimpita baba yake kwa urefu. Miaka haitoshi kuwa kipimo.

Tena bunduki ya mtoto kwa kweli ni bunduki ya mzazi. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, mwenye duka la silaha haruhusiwi kumwuzia bunduki ndefu mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria za nchi hiyo zamkataza pia mtu asiye na haki ya kukaa nchini kushika bunduki au risasi. Kwa hiyo mgeni ambaye shauri la makao yake halijakatwa asiguse, hata ya kuazimwa, mpaka awe amewauliza wajuao sheria. Na kila jimbo lina mafundisho yake ya wawindaji. New York ndiyo iliyotangulia kuyafanya ya lazima kwa vijana, mwaka 1949. Baba na mama na waende wakayasikilize pamoja na mtoto, maana asiyejua hawezi kumwangalia ajifunzaye.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa risasi, na sisi twaona wameanzia mwisho. Jambo la kwanza ni kimo. Bunduki ya mtu mzima, tangu nyuma ya kitako hata kwenye kifyatulio, huwa na urefu wa sentimeta 34 au 35. Ya kijana mdogo hufaa iwe 30 hivi, au 32. Kuna kipimo chepesi cha zamani: mtoto akunje mkono, kitako kiguse kiwiko kwa ndani, kisha tazama kama kidole chake chafika kwenye kifyatulio bila kujinyosha. Kitako kikizidi urefu, mtoto hupinda mgongo kwenda nyuma, shavu halikai mahali pake, na jicho halioni shabaha sawasawa. Mtoto wa namna hiyo hukosa, kisha watu husema hana kipaji, na kumbe amevikwa kanzu ya babu yake.

Jambo la pili ni pigo la begani. Kila bunduki ipigwapo hurudi nyuma kwa nguvu, na nguvu hiyo huzidi kadiri baruti na risasi zilivyo nyingi na nzito, na kadiri bunduki yenyewe ilivyo nyepesi. Hapa ndipo wazazi wengi wapendao watoto wao hudanganyika: huona bunduki nyepesi, wakadhani ni ya huruma, kumbe nyepesi yenye risasi kubwa ndiyo ipigayo vibaya kuliko zote. Mtoto akiumizwa mara mbili tatu, mwili wake hujifunza hofu. Hufumba macho na kukaza bega kabla risasi haijatoka. Ugonjwa huo huchukua miaka kupona. Wala si yeye tu aumiaye, maana kulungu aliyepigwa tumboni na mtoto aliyefumba macho huenda kufa mbali, kwa maumivu, asionekane.

Kwa hiyo aanze na bunduki ndogo ya 22, ile ambayo risasi yake imetumika tangu 1887. Haina pigo la kutajika, na risasi zake ni rahisi, naye aweza kupiga nyingi hata mkono ukazoea. Inafaa kwa kindi na sungura. Lakini asidharau udogo wake: risasi hiyo yaweza kuruka zaidi ya kilometa moja na nusu, na kuua. Mtoto asipige kamwe shabaha iliyo juu ya mlima au juu ya maji, bali iliyo na udongo nyuma yake.

Kwa kulungu, 22 haifai, na majimbo mengi huikataza. Wengi humpa kijana .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955. Pigo lake ni kama nusu ya lile la.30-06 ambayo jeshi la Marekani liliianzisha mwaka 1906, nayo yatosha kwa kulungu kama risasi imetiwa mahali pake, nyuma ya bega la mbele. Ila auliza jimbo lako kwanza! Katika Ohio na Iowa kulungu waliwindwa kwa miaka mingi kwa bunduki za marisau na magobori. Ziliporuhusiwa nyingine, ziliruhusiwa zile ambazo ganda la risasi limenyooka bila shingo, Ohio mwaka 2014. .243 ina shingo. Kwa majimbo kama hayo kuna .350 Legend, ya mwaka 2019, isiyo na pigo kubwa.

Namna ya mtambo nayo ina neno. Sisi twachagua ile ya risasi moja moja, au ile ambayo mpigaji huvuta komeo kwa mkono, wala si ile ijishindiliayo yenyewe. Akijua ana risasi moja, hungoja. Tena mzazi akikaa kando aweza kuona komeo limefunguliwa na chumba ki tupu. Na afundishwe hili mapema: kutoa kikasha cha risasi si kuiondoa risasi iliyokwisha kuingia chumbani. Watu wazima wengi wameua ndugu zao kwa kulisahau hilo.

Darubini ikifungwa juu ya bunduki, jicho likae mbali nayo kidogo, la sivyo itampasua mtoto nyusi. Masikio yazibwe kila apigapo, hata kwa 22. Usikivu ukipotea kwa mlio haurudi.

Nyumbani, bunduki ifungiwe kwa kufuli, tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo akae nazo mzazi. Msiseme, "Mtoto wetu hajui tulipoificha." Watoto hujua kila kitu kilichofichwa, kuanzia sukari.

Katika kuhesabu fedha, msimalize zote dukani. Wekeni za risasi za mazoezi, za vizibo vya masikio, na za nguo ya rangi ya chungwa ambayo majimbo mengi humlazimisha mwindaji avae. Bunduki iliyokwisha tumika si aibu, mradi fundi ameikagua. Na mkinunua mpya, ulizeni kama ina vipande vya kuongeza kitakoni, maana mtoto hukua. Kipande kimoja huongezwa mwaka huu, kingine baadaye. Ile ya 22 isiuzwe. Mdogo wake ataanza nayo, na mkubwa mwenyewe ataendelea kujizoeza kwayo.