Bata Bukini wa Kikantoni na Dua ya Msafiri

Sifa zote njema ni zake Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tunapenda kuzungumza na wasafiri, hususan wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, Mombasa na Nairobi waendao Guangzhou na Hong Kong kutafuta riziki, pamoja na familia wanaofuatana nao.

Miji hiyo ni makao ya upishi wa Kikantoni, na fahari ya upishi huo ni nyama za kuchoma. Mpita njia huziona dirishani: bata, bata bukini na kuku wananing'inia kwenye kulabu, ngozi zao zimeiva rangi ya kahawia na kumeremeta mafuta. Mkahawa wa Yung Kee wa Hong Kong, ulioanzishwa mwaka 1942, umejulikana duniani kwa bata bukini wake. Ndege huyo hutiwa viungo tumboni na kushonwa, hujazwa hewa chini ya ngozi, humwagiwa maji ya moto, hupakwa sukari ya shayiri na siki, huanikwa akauke, kisha huning'inizwa ndani ya tanuri. Ngozi yake huwa kavu na nyama yake laini, na mezani huletwa na mchuzi wa plamu.

Basi mwenyeji Mchina, kwa ukarimu wake, humwalika mgeni wake Mwislamu kwenye mkahawa mashuhuri wa namna hiyo. Anajua mgeni hali nguruwe, kwa hiyo humwagizia bata bukini na kumwambia, "Kula, hii si nguruwe." Mgeni hushukuru, akanawa, akala. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba kila kisichokuwa nguruwe ni halali.

Tuyatazame mambo matatu. La kwanza ni kuchinja. Qur'ani Tukufu (5:3) imeharamisha nyamafu pamoja na nguruwe, na aya ya tano ya sura hiyo hiyo imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Bata aliyeuawa na asiyekuwa Mwislamu wala Mtu wa Kitabu ni kibudu, hata akichomwa kwa ustadi wa namna gani. La pili ni viungo. Majiko mengi ya Kikantoni hutumia mvinyo wa mchele katika kuroweka nyama na katika michuzi. La tatu ni vyombo. Katika maduka hayo nguruwe wa kuchoma, aitwaye char siu, huning'inia bega kwa bega na bata, na mara nyingi panga moja na gogo moja ndivyo vinavyowakata wote wawili. Sisi tulio wengi Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwayo nguruwe ni najisi nzito, ambayo chombo chake huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo.

Huenda msomaji akauliza: je, safari si dharura? Ni kweli kwamba Allah (SW) amemsamehe aliyeshikwa na dharura (2:173). Lakini dharura ni njaa ya kuhofia nafsi. Kutaka kuonja chakula chenye sifa, hali wali, mboga, matunda na samaki vinapatikana, hakuifikii daraja hiyo.

Tena halali ya chakula hicho ipo! Katika mtaa wa Wan Chai, Hong Kong, ndani ya soko la Bowrington Road, Waislamu wa kibanda cha Wai Kee huchoma bata kwa mtindo ule ule wa Kikantoni, bata aliyechinjwa kisheria. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo upo Msikiti Ammar, uliofunguliwa mwaka 1981. Ghorofani mwake umo mkahawa wa vitafunio vya Kikantoni vya mvuke, na vile ambavyo kwingine hujazwa nguruwe, hapo hujazwa nyama ya halali. Guangzhou nako kuna Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa kale wa takriban mita 36, na ndugu zetu Wahui wana migahawa yao mjini humo. Msafiri na ajifunze kuyatambua maandishi mawili ya Kichina yasomwayo qingzhen, yaani safi na kweli, ambayo ndiyo alama ya chakula cha Waislamu. Asitegemee Kiarabu peke yake, kwani mwaka 2019 maduka na migahawa ya halali mjini Beijing iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu.

Na mwenyeji je? Adabu ni kumweleza mapema, kabla meza haijaandaliwa, na kumwomba wewe ndiye umwalike kwenye mkahawa wa Waislamu. Ukarimu wake hautavunjika, na huenda ukawa mlango wa yeye kuijua dini yako.

Ndugu Waislamu, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zinazojibiwa. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, alimtaja mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele zimemtimka, mwili umejaa vumbi, akiinua mikono mbinguni kumwita Mola wake, hali chakula chake ni haramu na kinywaji chake ni haramu. Vipi basi atajibiwa? Baba aliye ugenini huwaombea wanawe afya, na mali yake baraka. Watoto nyumbani wanaingoja baraka hiyo kuliko zawadi za sandukuni. Asiifunge njia ya dua yake kwa sahani moja ya nyama.

Tunamwomba Allah (SW) awahifadhi wasafiri wetu, awape riziki ya halali na awarejeshe salama. Wabillahi tawfiq.