Je, Wajua? Jiko Linalovutwa na Gari

Je, wajua kwamba karavani za Kimarekani, zile nyumba ndogo zinazovutwa na gari, kwa kawaida huwa na mlango upande wa kulia? Kwao magari hupita kulia, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara unashukia kwenye majani. Sisi Wakenya hupita kushoto. Iegeshe karavani hiyo karibu na soko la Chwele, nawe utashukia katikati ya matatu na bodaboda. Ikiwa ni ile yenye jiko la nje la kufungulia ubavuni, mpishi atakaanga mayai akiwa amesimama kwenye lami! Zilizotengenezewa Uingereza, Afrika Kusini na Australia hufungukia kushoto. Kabla ya kuuliza bei, uliza mlango uko wapi.

Je, wajua kwamba karavani za Kimarekani zimewahi kukatiza Afrika nzima? Mwaka 1959 Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani zaidi ya 40 kutoka Cape Town. Walifika Misri mwaka 1960, wakiwa wamepitia Afrika Mashariki na Ethiopia.

Je, wajua kwamba jiko la nyuma ya trela ni urithi wa wachunga ng'ombe? Mwaka 1866, huko Texas, Charles Goodnight alichukua mkokoteni wa jeshi, akaufungia kabati la droo nyuma. Mlango wa kabati ukishushwa, unakuwa meza ya kukandia unga. Mpangilio huo ungalipo hadi leo, na kwenye lami hauna neno. Kwenye barabara ya vumbi mambo ni mengine. Trela ikienda mbio, hewa ya nyuma yake huzunguka na kuvuta vumbi, nalo hupenya kila mwanya. Panda nayo Cheptais wakati wa kiangazi, kisha ufungue kabati: unga wako mweupe wa mahindi umekuwa kama wa wimbi. Tena mkia ndio unaorushwa zaidi kwenye mashimo. Mayai yakae karibu na ekseli.

Je, wajua kwamba lita 100 za maji ni kilo 100, yaani zaidi ya gunia la mahindi la kilo 90? Tangi likiwekwa nyuma pamoja na friji na sinki, trela huanza kuyumba mkia, na kwenye mteremko inaweza kulivuruga hata gari lenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikalie ndoano ya gari. Ukimpa fundi wa jua kali wa Kitale au Bungoma kazi ya kukuchomelea trela ya jiko, mwambie tangi alilaze juu ya ekseli.

Je, wajua kwamba kuna friji isiyo na mota, inayopoza kwa moto? Waliibuni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Ndugu zake wa mafuta ya taa walihifadhi chanjo katika zahanati nyingi za Afrika zisizo na umeme. Karavani nyingi bado hutumia friji za aina hii kwa gesi, ila friji hizo zina sharti moja: zisimame sawasawa. Zikilala upande, amonia iliyo ndani haizunguki vizuri, na baridi inakwisha. Sasa nitafutie pahali tambarare kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mimi ningechukua friji ya kompresa na paneli ya sola, hata kama ni ghali.

Je, wajua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa? Ikivuja haipandi darini, hujikusanya sakafuni. Ndiyo maana kabati la mtungi hutobolewa matundu chini. Usiyazibe kwa ajili ya vumbi. Jiko la makaa nalo lisiingie ndani kabisa, hata usiku wa baridi, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Je, wajua kwamba Kitale, iliyo mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100? Maharagwe yatakula gesi. Tenga nafasi ya sufuria ya presha.

Je, wajua kwamba mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko maarufu la Frankfurt, upana mita 1.9 na urefu 3.4, kwa kuiga jiko la behewa la chakula la treni? Kila kitu kilikuwa hatua moja tu kutoka kingine. Hata hivyo, yeye hakusonga ugali. Ugali wa watu wanne unataka kiwiko kilicho huru na sufuria isiyoruka mwiko unapogeuzwa, na majiko mengi ya karavani yamebanwa kati ya ukuta na friji. Chagua lenye umbo la L, moto ukiwa upande wa mlango, lenye vyuma vya kubana sufuria. Dukani, usione haya kusimama mbele yake na mwiko mkononi, ukazungusha mkono.