Duru ya Pili ya Kura ya Rais ni Nini?



Wengi wetu tukishapiga kura ya Rais tunasema, basi, yamekwisha. Huenda hayajaisha.

Chukueni mfano wa kikundi chenye wanachama 30 kinachochagua mwenyekiti. Wa kwanza apata kura 13, wa pili 10, wa tatu 7. Wa kwanza anaongoza, lakini watu 17 hawakumchagua. Basi wale wawili wa juu wanapigiwa kura tena. Hiyo ndiyo duru ya pili.

Zamani Kenya haikuwa hivyo. Mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, kwa maana wapinzani waligawana kura. Katiba ya 2010 inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu hurudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Hapo mwenye kura nyingi ndiye Rais.

Tangu katiba hiyo, mwaka 2013 tulikaribia sana: Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07, yaani kura elfu nane hivi tu juu ya nusu. Marudio ya Oktoba 2017 ni jambo jingine. Yale yaliletwa na Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi.

Jirani zetu wa Kongo walipitia duru ya pili mwaka 2006. Kati ya wagombea 33, Kabila alipata asilimia 45 hivi na Bemba 20. Duru ya pili Kabila akashinda kwa 58, Bemba akafika 42. Je, hizo kura zilizoongezeka zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa za wale walioshindwa mwanzo. Kwa hivyo usiseme, "Mtu wangu ameanguka, mimi nakaa nyumbani." Wewe ndiwe unayetafutwa!

Mambo ya kuzungumza kikundini:

1. Tunza kitambulisho chako hata baada ya kupiga kura.
2. Duru ya pili ni ya Rais peke yake. Gavana na mbunge hawarudiwi.
3. Vijana waliokuja kutoka vibaruani Mombasa wapange nauli ya kurudi Takaungu tena. Chama kinaweza kuwakopesha mapema.

Asiyekwenda amewaachia wengine wamchagulie.