Robota la 132

Robota la katani linalotoka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga huwa na kilo 250. Fundi kijana anayetaka kujua uzito wa mzigo ulioko ghalani anaweza kuandika kwa lugha ya C mstari mmoja tu: idadi ya marobota mara 250. Kwenye laptopu yake jibu litakuwa sahihi hata kwa marobota elfu kumi. Kisha auhamishe mstari uleule kwenye bodi ya Arduino Uno ya zamani, yenye prosesa ya biti 8, iliyofungwa kando ya mizani. Hadi robota la 131 mambo ni shwari: kilo 32,750. Likiingia la 132, kioo kinaweza kuonyesha kilo -32,536.

Programu haijaguswa. Kilichobadilika ni kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za prosesa. Kompaila ya laptopu huipa namba ya aina ya int biti 32. Ya Arduino hiyo huipa biti 16, na kikomo chake ni 32,767. Zote mbili ziko ndani ya sheria. Hapo ndipo wanaoanza hukwama, kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba C ni chochote ambacho kompaila yao imekubali. C ni waraka. Kompaila ni msomaji mmojawapo wa waraka huo, na wasomaji ni wengi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Dennis Ritchie alipoiunda C kwenye maabara za Bell nchini Marekani, mwaka 1972, sheria ilikuwa kompaila yake mwenyewe ya kompyuta ya PDP-11. Kitabu alichoandika na Brian Kernighan mwaka 1978 kikawa mwongozo, lakini kiliacha mianya na kila mtengenezaji akaiziba alivyoona. Mwaka 1983 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, iliunda kamati. Kiwango kikatoka 1989, na mwaka uliofuata shirika la viwango la kimataifa, ISO, likakipitisha kwa dunia nzima. Yamefuata matoleo ya 1999, 2011, 2018 na 2024.

Faida ya makubaliano ya namna hii inaonekana kwenye reli yetu. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza ya Mombasa mwaka 1896. Walikuwa mahasimu, ila wote walitumia geji ya mita moja, na ndiyo maana njia iliyosukumwa kutoka Voi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia iliweza kuungana na ya Tanga pale Kahe. TAZARA ina geji ya milimita 1,067, na behewa lake haliwezi kupita juu ya reli ya mita moja.

Lakini kiwango cha C hakipangi kila kitu, na hili linahitaji kueleweka vizuri. Kuna mambo kiliyoyaamua moja kwa moja. Kuna mengine kiliyomwachia mtengenezaji wa kompaila achague, mradi aandike alichochagua: upana wa int ni mojawapo, na sharti ni usipungue biti 16. Halafu kuna yale ambayo kiwango hakiyatolei ahadi yoyote. Namba yenye alama ya kujumlisha au kutoa ikipita kikomo chake, tumeingia huko. Ndiyo sababu nimesema kioo “kinaweza” kuonyesha -32,536. Kompaila ina ruhusa ya kudhani jambo hilo halitokei kamwe, na kwa dhana hiyo inaweza hata kufuta mstari uliouweka ili kukagua kama namba imepita.

Dawa ipo tangu 1999: aina ya int32_t, yenye biti 32 kamili kwenye bodi na kwenye laptopu. Tahadhari moja. Ukiweka jibu peke yake kwenye int32_t na idadi ya marobota ukaiacha kuwa int, kuzidisha kutafanyika ndani ya biti 16 na kosa litabaki palepale. Idadi yenyewe ndiyo ibadilishwe kwanza.

Herufi nazo zina mtego wake. Andika jina kama Mtang’ata kwa alama iliyopinda, kwa mfumo wa UTF-8, na alama hiyo itachukua baiti tatu. Ya kwanza ni 226. Kwenye laptopu ya Intel, aina ya char kwa kawaida huisoma -30. Kwenye Raspberry Pi yenye Linux itasomwa 226. Programu inayouliza kama baiti imezidi 127 itaiona alama kwenye mashine moja na kuikosa kwenye nyingine. Andika unsigned char, nao ubishi umekwisha.

Notsi zenye void main na conio.h, urithi wa kompaila ya Turbo C ya enzi za DOS, bado zinawafikia wanafunzi, na hilo linanisikitisha. Mazoea mengine ya zamani, ya kuita kazi (function) ambayo haijatangazwa, yaliondolewa kwenye kiwango mwaka 1999; kompaila ya GCC iliendelea kutoa onyo tu, hadi toleo lake la 14 la mwaka 2024 lilipoyageuza kuwa kosa. Toleo la 15 limehamia kiwango kipya kabisa, ambamo bool ni neno la lugha yenyewe, na programu zilizojitungia bool yao zinakwama. Kwa hiyo taja kiwango chako ndani ya faili la Makefile: -std=c17 -Wall -Wextra -pedantic. Kisha pitisha programu hiyohiyo kwenye kompaila ya Clang, ambayo ni ya bure kama GCC, na kwenye kompaila ya bodi yenyewe kabla mizani haijafungwa.