Kuona Tulichokizoea

Mwaka 1897 Leo Tolstoy aliandika katika shajara yake jambo dogo sana. Alikuwa akipangusa vumbi chumbani, akalifikia kochi, akashindwa kukumbuka kama ameshalipangusa au bado. Mikono ilikuwa imefanya kazi bila yeye kuwapo. Akaingiwa na wazo zito: ikiwa maisha mazima ya watu wengi hupita hivyo, bila wenyewe kutambua, basi ni kana kwamba hayakuwahi kuwapo.

Miaka 20 baadaye, mhakiki Viktor Shklovsky, Mrusi mwenzake, aliyatumia maneno hayo katika makala yake maarufu ya mwaka 1917 kueleza kazi ya sanaa. Mazoea, alisema, hula kila kitu: nguo, samani, mke, hata hofu ya vita. Sanaa ipo ili jiwe lirudi kuwa jiwe. Mfano wake mkubwa ulikuwa hadithi ya Tolstoy inayosimuliwa na farasi, Kholstomer, ya mwaka 1886. Farasi anashangaa: mtu anamwita “farasi wangu”, lakini hamlishi, hampandi, wala hamtunzi, wanaofanya yote hayo ni wengine. Tolstoy hakuandika hotuba dhidi ya umiliki. Alibadilisha msimulizi tu, na neno tunalolitamka kila siku likatukwama kooni.

Kwetu sisi tulionolewa na vitendawili, mbinu hii si ngeni. “Kitendawili!” “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Mtoto aliyekula mayai tangu aote meno anakaa kimya, anafikiri, anatoa mji ikibidi, halafu anaambiwa: yai. Wala hakujifunza kitu kipya kuhusu yai. Alicheleweshwa kulifikia, na katika kuchelewa huko akaliona umbo lake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ndiyo maana naamini kwamba mwandishi anayetaka kutuzindua katika maisha ya kila siku hafanikiwi kwa ukali wa ujumbe wake. Hufanikiwa anapolizuia jicho lisipite haraka.

Tazama sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya makala haya: “Baba alirudi jioni, akakuta chakula kimeiva, akala.” Sarufi yake haina kasoro, na hakuna atakayesimama kuihoji. Lakini chunguza kitenzi “kimeiva”. Chakula kimejiivia chenyewe, kama embe mtini. Hakuna mtu jikoni.

Sasa isome hivi: “Baba alirudi jioni. Mahindi yaliyokuwa kwenye gunia asubuhi sasa yalikuwa ugali. Yalipukuchuliwa, yakabebwa kichwani hadi mashineni, yakasubiri foleni, yakasagwa, yakarudi juu ya kichwa kile kile. Baba alinawa, akala.”

Mama hakutajwa katika sentensi zote hizo. Hakuna anayelalamika, hakuna anayehimiza haki. Kauli ya kutendwa, ambayo kwa kawaida humficha mtenda, hapa inarudiwarudiwa mpaka msomaji mwenyewe anaanza kuuliza: na nani? Kisha kinakuja kichwa, kiungo kimoja kilichosimama badala ya mtu mzima, na maneno “kile kile” yanaeleza uchovu ambao kivumishi kingeueleza vibaya zaidi. Sentensi ya mwisho ni fupi makusudi. Baba anakula kwa vitenzi viwili. Mahindi yalihitaji vitano kumfikia.

Waandishi wetu wamelizuia jicho kwa njia tofauti. Shaaban Robert katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, aliitoa nchi nzima ardhini akaiweka angani, na humo mhusika wake Karama akashtakiwa barazani kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Msomaji wa Tanganyika chini ya utawala wa kikoloni alipewa umbali wa kutosha kuhukumu baraza lile kwa utulivu, kabla hajagundua linafanana na nini. Umbali huo ndio ninaouthamini kuliko majina ya wahusika. Ukikutana na waziri anayeitwa Majivuno, umeshaambiwa umwoneje hata kabla hajafungua kinywa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikwenda njia nyingine. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake anatufundisha kutopuuza vitu vidogo. Hadithi ya upelelezi hudharauliwa na wengi kuwa ni ya kupitishia muda, nami siafiki hata kidogo. Mtindo wake humlazimu msomaji kushuku kila kitu, hata mzimu uliokwisha kuogopwa kwa mazoea.

Kisha Euphrase Kezilahabi akaleta Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano yakawaka. Siamini kwamba arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, hulaza akili. Mshairi Muyaka bin Haji alizichokoza siasa za Mombasa ndani ya arudhi hiyo hiyo. Lakini sikio lililozoea kina hukitarajia na kukifikia kabla ya maana. Kezilahabi alipoukata mstari pasipotarajiwa, msomaji alilazimika kusimama palipo na wazo, maana hapakuwa na kina cha kumvusha.

Kinachonisikitisha ni jinsi haya yanavyofundishwa mara nyingi madarasani. Mwanafunzi anaorodhesha: tashihisi, takriri, tashibiha, kisha anapata alama zake. Ningependa aulizwe swali moja gumu zaidi: ukiiondoa takriri hii na kuandika jambo lilelile kwa maneno ya kawaida, ni kitu gani ambacho msomaji hatakiona tena? Na kama hakuna kinachopotea, awe na ruhusa ya kuandika hivyo katika jibu lake, hata kama mwandishi ni mkubwa.